Lori lililopoa kwenye foleni likachemka mlimani: uchambuzi wa feni ya rejeta iliyobadilishwa

Lori lenyewe ni dogo, la tani 3. Injini ni ya dizeli, silinda 4, ina tabo, umeme wa volti 12, gia za mkono, na AC ya kiwandani. Lilitengenezwa likiwa na feni ya rejeta inayozungushwa na mkanda, imekaa juu ya klachi yake ya mafuta (kiungo kinachoishika feni joto likipanda na kuiachia likishuka) mbele ya pampu ya maji. Lilipoletwa kuchunguzwa, feni hiyo haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na feni mbili za umeme, na malalamiko ya mwenye gari yalikuwa na sura yake: kwenye foleni gari limetulia kabisa, kwenye tambarare halina neno, ila likipanda mlima mrefu na mzigo, geji inakwenda kwenye nyekundu.

Kabla ya hapo gari lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu. Rejeta ilikwisha kufunguliwa na kuzibuliwa. Kifuniko cha rejeta kilikuwa kipya. Thamostati, valvu inayoyafungulia maji njia ya rejeta yakipata joto, ilikuwa imetolewa na kutupwa, kwa ile imani kwamba maji yakipita bila kizuizi yatapoza zaidi. Kilichobaki kwenye orodha ya mafundi kilikuwa kufungua silinda hedi na kubadilisha gasketi, na mwenye gari alikuwa ameanza kukusanya pesa za kazi hiyo.

Nikamuuliza feni ya zamani ilitolewa kwa nini.

"Fundi, mimi shida yangu ilikuwa AC tu. Nikisimama kwenye foleni inaleta joto, na geji inapanda kidogo. Wakaniambia feni ya mkanda inakula mafuta, tuweke za umeme."

Jibu hilo ndilo lililofungua kisa kizima, kwa sababu shida ya gari lililosimama na shida ya gari linalovuta mzigo mlimani ni mbili tofauti, na kila feni ina upande wake.

Tuanze na gasketi, maana ndiyo iliyokuwa inakaribia kula pesa. Dereva alisema likichemka mlimani, anaegesha pembeni na kuiacha injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Dakika chache geji inarudi mahali pake. Gasketi iliyopasuka haina adabu hiyo. Moshi wa silinda ukiingia kwenye njia za maji, hozi inakuwa ngumu mapema hata kabla injini haijapata joto, mapovu yanatoka kwenye rejeta mfululizo, na maji yanapungua bila kuonekana yanakovujia. Hapa asubuhi hozi ilikuwa laini, maji hayakuwa na mapovu, na kiwango kilikuwa palepale. Injini inayopoa yenyewe mara tu kazi inapopungua inasema jambo moja: joto linalozalishwa wakati wa kazi nzito ni kubwa kuliko hewa inayopita kulibeba.

Hewa kiasi gani ilihitajika? Hesabu yake si ya kitaalamu sana, na mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuifanya. Injini kama hii ikivuta kwa nguvu zake zote inatoa kama kilowati 80 kwenye magurudumu na mifumo yake. Dizeli inayoungua kutoa hizo kilowati 80 ina joto la kilowati 200 na zaidi kidogo, na karibu robo yake huishia kwenye maji ya rejeta. Tuseme kilowati 50. Hewa ya nje ina nyuzi 32, maji yako nyuzi 98, na kabla hewa haijaigusa rejeta imeshapita kwenye kondensa (kipoza gesi ya AC) na intakula (kipoza hewa ya tabo), ambazo nazo zinaipasha. Ukiwa mkarimu, hewa hiyo itapanda nyuzi 30 hivi ndani ya rejeta. Kilo moja ya hewa ikipanda nyuzi 30 inabeba kilojuli 30. Kwa hiyo kilowati 50 zinataka kilo 1.7 za hewa kila sekunde, sawa na mita za ujazo 1.5 kwa sekunde, au mita za ujazo 5,400 kwa saa.

Feni zile mbili kila moja ilikuwa imeandikwa mita za ujazo 2,700 kwa saa. Mara mbili yake ni 5,400. Kwenye karatasi, umemaliza kazi. Tatizo ni kwamba namba ya kwenye boksi hupimwa feni ikiwa inapuliza hewa huru, mbele yake hakuna kitu. Ukiiweka nyuma ya rejeta yenye kondensa na intakula mbele yake, inalazimika kuinyonya hewa kupitia tabaka tatu za mapezi, na kiasi kinachopita kinaweza kushuka hadi nusu. Mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha kiasi cha hewa dhidi ya kizuizi ndio wa kuangaliwa, na wengi wanaouza feni za bei nafuu hawautoi. Mwendo wa gari nao unasaidia, ila kwenye mlima wa kilomita 25 kwa saa msaada huo ni mdogo; kwenye tambarare ya kilomita 80 kwa saa ni mkubwa kiasi kwamba feni inaweza kuzimwa kabisa. Ndiyo maana tambarare haikuwa na neno.

Sasa linganisha na feni ya mkanda. Feni yoyote ikiongezwa mwendo mara mbili hupitisha hewa mara mbili, lakini hudai nguvu mara nane, yaani mbili mara mbili mara mbili. Chukua feni ya mkanda inayokula kilowati 6 injini ikiwa kwenye mizunguko 3,200 kwa dakika, kiasi cha kawaida kwa gari la ukubwa huu klachi ikiwa imeshika. Injini ikishuka hadi mizunguko 800, mwendo umekuwa robo, na nguvu inakuwa sehemu ya 64. Kilowati 6 zinageuka kuwa wati 94. Hapo kwenye foleni, ile feni kubwa ya chuma haina tofauti na feni ya mezani. Feni mbili za umeme zenye wati 370 kila moja, jumla kama wati 740, zinaishinda bila jasho.

Panda mlima. Feni ya mkanda inarudi kwenye kilowati 6, na za umeme zimebaki na wati 740 zilezile, maana hazijui kama injini inaguna au imelala. Tofauti ni mara nane, na kwa kanuni ileile ya mwendo, mara nane kwenye nguvu ni takriban mara mbili kwenye hewa. Klachi ya mafuta huteleza kidogo hata ikishika, kwa hiyo punguza kidogo hapo, lakini picha haibadiliki: gari lilikuwa limepewa hewa nyingi lilipokuwa linahitaji kidogo, na likanyimwa karibu nusu lilipokuwa linahitaji zote. Kuna dereva mzoefu atakayesema dawa ya mlima ni kushusha gia ili injini izunguke. Ni kweli, kwa feni ya mkanda. Kwa feni ya umeme ukishusha gia unaipa kasi pampu ya maji tu.

Hiyo ni nadharia, na nadharia peke yake haitoshi kumwambia mtu arudishe kitu alichokwisha kukilipia. Tukaweka mita.

Kwenye betri, injini ikiwa kwenye mizunguko ya kazi: volti 13.8. Kwenye soketi ya mota ya feni, feni zote mbili zikizunguka: volti 11.9. Volti 1.9 zilikuwa zimepotea njiani. Mota ya namna hii huzunguka kwa kufuata volti, kwa hiyo ukitoka 13.5 inayoandikwa kwenye kibandiko ukaenda 11.9 umebaki na asilimia 88 ya mwendo, na nguvu ya kusukuma hewa imebaki kama theluthi mbili. Theluthi moja ya feni ilikuwa imepotea.

Aliyefunga alikuwa ametumia waya mmoja wa milimita za mraba 2.5 kwa feni zote mbili, urefu wa mita 3 kutoka betri kupitia rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Shaba ina ukinzani wa oumu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita 1 ya mraba, kwa hiyo waya huo una oumu 0.021. Mita ya kubana ilisoma ampea 50 feni zote zikiwa kazini. Zidisha: volti 1.05. Volti nyingine 0.3 zilikuwa zinapotelea kwenye rilei, na 0.5 kwenye athi, njia ya umeme kurudi betri, ambayo ilikuwa imefungwa kwa boliti kwenye fremu bila kukwangua rangi. Rilei yenyewe ilikuwa moja, ya ampea 40, ikibeba 50 kila siku na zaidi ya hizo kila feni zinapoanza, kwa sababu mota ikiamka huvuta mara mbili au tatu ya umeme wake wa kawaida kwa muda mfupi. Nilipoichomoa, mguu wa 87, unaopeleka umeme kwenye feni, ulitoka na kipande cha soketi: plastiki ilikuwa imeyeyuka ikaushika, ya kahawia pembeni na nyeusi katikati, na ile harufu ya bakelaiti iliyoungua. Fyuzi ilikuwepo, ya ampea 60, imefungwa mwishoni karibu na feni badala ya karibu na betri, mahali ambapo haiwezi kuulinda waya unaotoka kwenye betri hata kidogo. Hilo la fyuzi ndilo lililonitisha kuliko geji. Gari lililochemka unaliegesha. Waya uliochubuka kwenye fremu bila fyuzi unaunguza gari.

Altaneta, jenereta ya gari, ilikuwa ya ampea 80. Injini ikinguruma bila mafuta kukanyagwa, altaneta ya aina hiyo hutoa karibu nusu ya uwezo wake, tuseme 40. Feni 50, taa 10, feni ya ndani ya AC 15, klachi ya kompresa 4: jumla 79. Usiku kwenye foleni betri ilikuwa inatoa karibu ampea 40 mfukoni mwake. Dereva alikuwa ameshalalamika mahali pengine kwamba asubuhi gari linawaka kwa taabu, akauziwa betri mpya. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Kihisi cha joto kilikuwa ni ule mrija mwembamba unaochomekwa kati ya mapezi ya rejeta. Kinapima mchanganyiko wa joto la mapezi na hewa inayopita, si maji, na gari likienda kasi upepo unakidanganya. Tena kilikuwa kimewekwa upande ambao maji yaliyokwisha kupoa yanatokea. Na kwa kuwa thamostati haikuwepo, hakuna aliyejua feni ziwashwe kwenye nyuzi ngapi.

Kuhusu hiyo thamostati, imani ya kuitoa ni ngumu kufa. Kwenye injini nyingi, thamostati ikifunguka kuelekea rejeta, mguu wake wa chini unafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupozwa. Injini hii ilikuwa ya aina hiyo. Tulirudisha thamostati ya nyuzi 82 kabla ya kufanya kingine chochote, na hilo peke yake lilipunguza joto mlimani kwa kiasi kilichoonekana kwenye geji, ingawa halikulimaliza.

Lingine lilikuwa la macho tu. Uso wa rejeta ni karibu mita za mraba 0.33. Feni mbili za kipenyo cha sentimita 35 zinafunika 0.19. Kava la plastiki lililokuwa linaizunguka feni ya zamani lilikuwa limetupwa, na feni zimebanwa moja kwa moja kwenye mapezi kwa tai za nailoni zinazopita katikati ya rejeta. Maana yake zaidi ya theluthi moja ya rejeta, pembe zote nne na katikati, ilikuwa haivutwi hewa. Mbaya zaidi, hewa ya moto kutoka kwenye injini ilikuwa inarudi mbele kupitia nafasi hizo gari likiwa limesimama. Tai mbili zilikuwa zimeanza kula mrija; kila mtikisiko wa barabara unazisugua, na rejeta ya alumini haina unene wa kuvumilia hilo.

Mwenye gari hakutaka kurudi nyuma haraka, na nilimwelewa. Kwa hiyo tulizipa feni za umeme nafasi ya haki. Kila feni ilipata rilei yake, fyuzi yake ya ampea 40 kwenye kichwa cha betri, na waya wake wa milimita 6 za mraba, ambao kwa ampea 27 unapoteza volti 0.24 tu. Athi ikapelekwa kwenye chuma kilichokwanguliwa, na nyingine moja kwa moja kwenye betri. Tulikunja bati la alumini tukatengeneza kava linalofunika uso wote wa rejeta, feni zikiwa sentimita 5 nyuma ya mapezi, na vipande vya mpira vinavyojifungua upepo wa barabara ukiwa mkali, ili kava lisigeuke ukuta gari likienda kasi. Kihisi cha kweli cha maji kikaingizwa kwenye kiungo cha chuma katika hozi ya juu: washa nyuzi 93, zima nyuzi 87. Namba hizo lazima ziwe juu ya thamostati. Ukiweka feni iwake kwenye nyuzi 80 wakati thamostati inafunguka kwenye 82, feni haitazima kamwe, na altaneta italipa.

Mita kwenye soketi ya feni sasa ilisoma 13.3. Gari likapakiwa, likapelekwa mlima ule ule.

Lilifika mbali zaidi. Sehemu ya kwanza ya mlima geji haikusogea, na kwenye sehemu ya pili ilianza kupanda polepole. Bila AC lilimaliza. AC ikiwashwa, mchana wa jua, mzigo kamili, lilifika nyuzi 106 na tukalisimamisha. Hesabu ya mita za ujazo 1.5 kwa sekunde ilikuwa imetuambia hivyo tangu mezani: waya nzuri na kava zuri vinakupa feni yote uliyonunua, haviwezi kukupa feni ambayo hukununua. Ili kuendelea na njia hiyo ingebidi kutafuta feni za nguvu kubwa zaidi, altaneta kubwa zaidi, na pengine rejeta nene zaidi. Inawezekana. Ila kwa gari ambalo feni yake ya kiwandani bado ipo, imewekwa tu nyuma ya kabati, ni kujitafutia kazi.

Tukaiomba ile feni ya zamani. Kwenye uso wa klachi yake kulikuwa na mistari ya mafuta yaliyoshika vumbi, imetawanyika kutoka katikati kwenda nje kama miali, na ukiizungusha kwa kidole inateleza yenyewe mizunguko kadhaa kabla ya kusimama. Ndani ya klachi hii kuna mafuta mazito ya silikoni; mbele kuna springi bapa iliyojikunja ambayo ikipata joto la hewa ya rejeta inafungua tundu, mafuta yanaingia kati ya sahani zenye mifereji, na feni inashikwa. Mafuta yakivuja, springi inaweza kufungua tundu itakavyo, hakuna cha kushika. Hivyo kwenye foleni, ambako tayari feni ya mkanda ni dhaifu, klachi hii ilikuwa haifanyi lolote. AC ikaleta joto. Kilichohitajika siku ile ya kwanza kilikuwa klachi mpya.

Na hapo ndipo hadithi ya feni kula dizeli inapovunjika. Feni iliyokufa klachi haili mafuta, maana haivuti nguvu. Hata iliyo nzima, ikiwa haijashika, inazunguka kivivu tu na kula kidogo sana. Feni ya kula mafuta ni ile iliyofungwa moja kwa moja kwenye pampu bila klachi, inayozunguka na injini saa zote. Hiyo ukiitoa utaona tofauti ya kweli. Mwenye gari alisisitiza kwamba dizeli ilikuwa imepungua baada ya kuweka feni za umeme. Tulipodadisi zaidi, ilionekana alikuwa ameanza kupunguza mzigo na kupanda milima kwa mwendo wa pole kwa kuogopa geji.

Sisemi feni ya umeme haina mahali. Gari linalovuka maji ya kina linafaidika nayo kweli, kwa kuwa unaweza kuizima kwa swichi kabla ya kuingia. Feni ya mkanda ikipiga maji kwa kasi mabawa yake hujikunja mbele na kuchana rejeta. Gari jepesi la mjini, lenye injini ndogo na foleni nyingi, linafaa nayo. Malori makubwa ndiyo mfano wa kinyume. Feni yake ikishika inaweza kudai kilowati 30. Ukitaka kuzitoa kwa umeme wa volti 24, unahitaji ampea 1,250 bila kukatika, wakati mota ya kuwashia injini huvuta kiasi cha namna hiyo kwa sekunde chache tu. Ndiyo maana malori hayo bado yana feni ya injini, ila klachi yake inaamrishwa kwa upepo wa breki au na kompyuta ya injini, na inashika kwa sehemu ndogo tu ya safari.

Lori letu lilirudishiwa feni yake, klachi mpya na kava la kiwandani lililonunuliwa kutoka gari lililokatwa. Moja ya zile feni za umeme ikahamishiwa mbele ya kondensa, ikigeuzwa isukume badala ya kuvuta, na kuwashwa na swichi ya presha ya AC. Kugeuza si suala la kubadilisha waya tu: mabawa ya feni yamepindishwa kwa upande mmoja, kwa hiyo kama yanaruhusu kutolewa, unayapindua pia, vinginevyo inasukuma hewa kidogo kwa kelele nyingi. Hapo feni inavuta ampea 27 tu, na inafanya kazi wakati ule ule ambao feni ya mkanda ni dhaifu. Mlimani, mzigo kamili, AC ikiwa imewashwa, kipimo kwenye hozi ya juu kilipanda hadi nyuzi 97, kikasimama hapo.

Baada ya wiki dereva alipiga simu: mlimani gari linanguruma mbele kama ndege, na asubuhi likiwashwa hunguruma hivyo kidogo halafu linanyamaza. Nikamwambia mlimani hiyo ni klachi imeshika, ndiyo kazi yake, na atasikia ikiachia maji yakipoa. Asubuhi ni mafuta yaliyotuama ndani ya klachi usiku. Yanarudi kwenye hifadhi yake ndani ya dakika moja au mbili. Likinguruma safari nzima, injini ikiwa baridi na tambarare, alilete.